Injinia ajifunzie wapi kuandika: darasani, mtandaoni, field au kwa AI?

Tangu jana usiku nipo na ripoti ya field, yale mafunzo kwa vitendo ya chuo, ya mdogo wangu mmoja, sio wa tumbo moja ila tuliishi nyumba moja pale Malimbe, Mwanza, kipindi namalizia chuo, kaniomba niipitie kabla hajaikusanya. Kurasa 41. Tisa za kwanza ni historia ya taasisi, dira, dhima, mchoro wa uongozi, halafu ndo kazi inaanza, na nimefika ukurasa wa mwisho bado sijui kama huyu kijana alishika spana au alisimama pembeni akaangalia wenzake. Na mimi najua alishika, maana alikuwa ananipigia simu toka huko ananisimulia walivyofungua pampu wakakuta beringi imekula, walivyosubiri spea siku nne, walivyoifunga usiku kwa tochi za simu. Kwenye simu alieleza mpaka nikaiona. Kwenye karatasi yote hayo yamegeuka "tulifanya matengenezo ya mitambo mbalimbali kwa ushirikiano mzuri".

Mwisho wa meseji kauliza: kaka, hii kitu ya kuandika kiinjinia na kujieleza mbele za watu mtu anajifunzia wapi, nisubiri chuo kinifundishe, nichukue kozi mtandaoni, au nitumie tu AI kama wenzangu? Swali la maana sana hilo na nimeona nisimjibu kwa mistari miwili, maana hizo njia zote nimezipita kwa miguu yangu na haziko sawa kabisa.

Kabla sijaanza kulinganisha niseme napimia nini. Sipimii cheti, sipimii jina la chuo wala ukali wa mwalimu. Napimia kitu kimoja: je, kuna mtu atasoma ulichoandika halafu akafanye kitu kwa kutegemea maneno yako, na akikwama arudi kukuuliza? Ukimpata huyo mtu umepata shule. Usipompata utajaza makaratasi miaka minne na utatoka vilevile ulivyoingia.

Na nasema hivi kwa sababu kwenye kazi yetu maandishi yanaua. Mwaka 1981 kule Kansas City, Marekani, madaraja ya ndani ya hoteli ya Hyatt Regency, yale ya watu kukatiza kwa juu ya ukumbi, yalianguka jioni watu wamejaa chini kwenye muziki, wakafa watu 114. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na chuma kimoja kirefu kinatoka juu kinapita daraja la juu kinafika la chini. Ikabadilishwa vikawa vyuma viwili, kimoja kinashika daraja la juu, kingine kinaning'inia kutoka kwenye hilohilo daraja la juu ndo kinashika la chini, kwa hiyo kile kiungio cha juu kikawa kinabeba mzigo mara mbili. Michoro ikagongwa muhuri ikapita, waliotengeneza chuma wakijua mainjinia wameshakagua kiungio, mainjinia wakijua kimeshapigiwa hesabu upande wa pili. Watu wote hao hesabu walikuwa wanazijua. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika sentensi moja tu: hapa tumebadilisha, mzigo umeongezeka, nani amehakiki? Kila nikikumbuka hiyo habari huwa narudi kusoma upya nilichoandika siku hiyo.

Sasa twende.

Kozi ya darasani

Hii kila mtu anaijua, komyunikesheni skilzi ya mwaka wa kwanza. Sisi tulikuwa zaidi ya mia mbili ukumbini, mwalimu mmoja, maiki inakatakata, unafundishwa barua rasmi, wasifu wa kazi, namna ya kunukuu vyanzo, sehemu za ripoti, aina za mawasiliano na vizuizi vyake. Wengi tulikuwa tunaichukulia kama kozi ya kuokotea alama, mtu anabeba madesa ya mwaka uliopita, anakariri, UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula, anashusha, imeisha.

Siidharau hata kidogo. Pale nilijua kwa nini huwezi kunyofoa aya ya mtu ukaiweka kama yako, nikajua muhtasari unaandikwa mwisho japo unakaa mwanzo, nikajua jedwali lina kichwa na namba yake. Mtu anayetoka sekondari ambako Kiingereza kilikuwa cha shida hii kozi inampa pa kukanyaga, na nyingine zote nitakazotaja hapa zinachukulia kwamba tayari unapo pa kukanyaga.

Ila kwa kipimo changu inakwama. Asaimenti yangu ya kwanza niliandika kurasa sita nikajitahidi kweli, ikarudi na 14 kwa 20 kwa peni nyekundu, hakuna neno lingine. Sita zangu zimeenda wapi? Sikujua na mpaka leo sijui. Simlaumu yule mwalimu, mtu mwenye karatasi mia mbili za kusahihisha hawezi kukuandikia barua. Lakini uandishi haufundishwi kwa namba, unafundishwa kwa mtu kukwambia hapa sijakuelewa.

Na ile presentesheni ya kikundi, mko kumi, anaongea mmoja yule mwenye Kiingereza kinachoteleza, tisa wamesimama nyuma wameshika mikono. Dogo, kama bado hujaifanya, omba uwe wewe unayeongea hata kama unatetemeka. Ndani ya hiyo kozi nzima hiyo dakika kumi ndo nafasi pekee ambayo watu mia mbili wanakusikiliza, na makosa yake hayana gharama, kwenye kikao cha mkandarasi na mteja yana gharama.

Kozi za mtandaoni

Hapa nitataja mbili tu nilizozipitia. Google wana kozi zao za uandishi wa kiufundi, ya kwanza na ya pili, walizitengeneza kwa ajili ya mainjinia wao wenyewe halafu wakazifungua kwa kila mtu, bure. Nyingi ni maandishi na mazoezi, sio video, kwa hiyo bando haliumii, unaweza kuimaliza ile ya kwanza kwa simu ukiwa kwenye foleni ya daladala Nyegezi. Nyingine ni ya chuo cha Stanford ipo Coursera, inafundishwa na Kristin Sainani, hiyo ni ya uandishi wa kisayansi, ina video, na cheti chake unalipia.

Ukiweka hizi kando ya kozi ya darasani tofauti inaonekana siku ya kwanza. Darasani nilifundishwa ripoti ina sehemu ngapi. Google wakanifundisha sentensi. Ifupishe, kila sentensi wazo moja, neno moja kwa kitu kimoja mpaka mwisho, yaani kama umeanza kuita "chemba" usije ukurasa wa tano ukaita "shimo" na wa nane ukaita "kisanduku", msomaji atadhani ni vitu vitatu. Chuoni tulikuwa tunasifiwa kwa kubadilisha maneno ili insha isichoshe, kwenye kazi hiyo tabia inapoteza watu.

Kitu nilichokibeba zaidi toka huko ni hii habari ya nani amefanya. Sisi kwa Kiswahili tuna ile "-wa" yetu, ilizimwa, ilifunguliwa, ilikaguliwa, na kwenye Kiingereza cha chuo nayo inapendwa hivyohivyo maana inasikika ya kisomi. "Pampu ilizimwa na kazi ikaendelea." Nani kaizima? Saa ngapi? Kwa swichi ya pale pale au kwenye paneli? Ameweka kufuli? Maana kama kuna fundi anataka kuingiza mkono mle ndani, hiyo "-wa" inaweza kumkata vidole. Tangu siku hiyo ripoti yangu kabla haijatoka natafuta kila "-wa" najiuliza naweza kumtaja mtu au cheo? Nikiweza namtaja.

Upungufu wa hizi kozi ni wawili. Ile ya Google imeandikwa kwa watu wa programu za kompyuta, mifano ni ya msimbo wa programu, wewe wa sivo (ujenzi) au mekaniko (mitambo) inabidi utafsiri kichwani kila mfano uwe zege au gia, inachosha japo inawezekana. La pili ni kubwa zaidi: mazoezi unajisahihisha mwenyewe. Unaandika, unabonyeza, unaonyeshwa jibu, unasema aa ndo nilichomaanisha. Hujamaanisha. Hakuna binadamu aliyekwama upande wa pili. Kwa hiyo kwangu hii ni kama kujifunza kuogelea kwenye beseni, mikono unaijua, maji hujayajua.

Field

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaiita field kana kwamba ni kitu kimoja. Sio kimoja. Mimi nimeenda field mara mbili, kila moja wiki nane, na ukiziweka hizo mbili kando kwa kando ni kama mbingu na ardhi.

Ya kwanza nilipangiwa ofisi moja ya mjini, sitaitaja, tena nilifurahi maana ni jina kubwa. Wiki nane nilikuwa napeleka nyaraka steshenari, nabeba chai, mara mojamoja napelekwa saiti nikae kwenye gari. Logbuku, lile daftari la kazi za kila siku, niliijaza kwa kutunga. Siku ya mwisho supavaiza akanisainia kurasa zote nane kwa mkupuo mmoja huku anaongea na simu, hakusoma hata tarehe. Chuo nacho kikanipa A. Hiyo A iliniumiza baadaye kuliko F, kwa sababu iliniaminisha kwamba nilichoandika kinatosha.

Ya pili nilikuwa natamani nipelekwe Kigongo-Busisi, enzi hizo daraja linajengwa, kama kilometa 3 za daraja juu ya maji ya ziwa, mwanafunzi gani wa sivo Mwanza hakulitamani? Nikakosa. Nikapangiwa mradi mdogo wa maji kwenye kijiji kando ya ziwa, mabomba, tangi moja, vituo vya kuchotea. Nililia kimoyomoyo. Kumbe ndo nimepata shule.

Kulikuwa na injinia mmoja wa makamo, mtu mkimya, ana peni nyekundu mfuko wa shati. Siku ya kwanza jioni nikampelekea logbuku nimeandika: "Leo tumelaza mabomba na kazi imeendelea vizuri." Akaisoma. Akazungushia "mabomba" duara, akazungushia "vizuri" duara, akanirudishia bila kusaini, akasema kwa upole tu, "Mwanangu, mimi kesho naenda wilayani. Nikiulizwa leo mmefanya nini, nijibu nini kwa haya maneno?"

Nikarudi kwenye mtaro na tepu, jua linazama, nikapima. Usiku nikaandika upya: tumelaza vipande 14 vya bomba la PVC la milimita 110, kila kimoja mita 6, jumla mita 84, kutoka chemba namba 3 kwenda chemba namba 4. Kina cha mtaro sentimita 90 isipokuwa mita 12 za mwisho kabla ya chemba namba 4, hapo kuna mwamba, kina ni sentimita 55 tu. Fomeni ameambiwa, hajaamua kama atapasua mwamba au atafunika kwa zege. Mainjinia wa Mwanza wanajua habari ya mawe yetu, ukichimba popote hujui utakutana na nini.

Akasoma. Akasaini. Hakusema hongera wala nini.

Wiki ya tatu baada ya hapo lori la kokoto likapita pale, maji yakaanza kutoka juu ya ardhi sehemu pana, hakuna anayejua limepasuka wapi, mafundi wanataka waanze kufukua toka chemba namba 3. Yule injinia akaniambia leta logbuku yako. Akafungua ukurasa, akamwonyesha fomeni, mita 12 za mwisho, sentimita 55. Wakachimba hapo. Bomba lilikuwa hapo limekatika. Saa moja na nusu maji yamerudi, akina mama waliokuwa wamepanga ndoo toka alfajiri wakachota wakaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama na koleo mkononi na niliwaza kitu kimoja tu, kwamba kama ningeacha ile sentensi yangu ya kwanza, "kazi imeendelea vizuri", wangefukua mita 84 zote.

Hapo ndo niliacha kuona ripoti kama kazi ya chuo.

Mengine aliyonifundisha nayataja haraka. Namba bila kipimo chake ni hatari, wenzetu wa NASA mwaka 1999 walipoteza chombo kizima cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilikuwa inatoa namba kwa pauni na nyingine inazipokea kama niutoni, kwa hiyo andika milimita, andika sentimita, usiseme "55" ukanyamaza. Mchemraba wa zege unaopelekwa maabara kupasuliwa siku ya 7 na siku ya 28, kama hujauandika tarehe na sehemu zege lilipomwagwa, hata ukipasuka kwa nguvu nzuri kiasi gani haukwambii chochote, ni jiwe tu. Na kitu usichokiona usikiandike kama umekiona, andika "fomeni amesema".

Kwa hiyo field inashinda? Inashinda kama una mtu wa peni nyekundu. Ukiwa na yule wa kusaini akiwa kwenye simu, inashindwa na kozi ya bure ya Google asubuhi na mapema. Ukitafuta nafasi ya field usiulize tu kampuni ni kubwa kiasi gani, tafuta waliotangulia uwaulize: huyo supavaiza huwa anasoma logbuku? Na kama umeshaangukia kwa asiyesoma, tafuta fundi mkuu au fomeni, msomee kwa mdomo ulichoandika, kwa Kiswahili, atakusahihisha bila kujua kwamba anakufundisha.

AI

Sasa hii ndo madogo wengi wameikimbilia, na najua nikisema vibaya nitaonekana wa zamani. Naitumia. Ila tuwe wakweli kuhusu inachofundisha.

Ukiipa hoja zako tano inakutolea ripoti ya Kiingereza kilichonyooka, hakuna kosa la kisarufi, vichwa vya habari vimepangika. Ukilinganisha na darasani ambako unasubiri wiki tatu upewe 14, hii inajibu sekunde hiyohiyo na haichoki kuulizwa. Kwa mtu ambaye Kiingereza kinamzuia kusema anachokijua, huo ni msaada mkubwa na sioni aibu kuutaja.

Shida ni kwamba haijawahi kusimama kwenye ule mtaro. Haijui kuna mwamba. Usipoiambia sentimita 55 mara nyingi haitakuuliza, itaandika mabomba yalilazwa kwa kina kinachotakiwa kwa kuzingatia viwango, na sentensi hiyo ni nzuri kusoma na ni uongo, na jina chini ni lako. Pia inaweza kukutungia kipimo au chanzo ambacho hakipo, kwa sauti ileile ya kujiamini. Hizi ripoti za siku hizi ninazoletewa zinafanana zote, ukificha jina la mtu huwezi kujua nani alikuwa kwenye maji nani kwenye barabara.

Kuna namna moja ya kuitumia ambayo kwangu imelipa. Usiiambie iandike. Andika mwenyewe kwanza, hata kwa Kiswahili kibovu, halafu iambie ijifanye fundi ambaye kesho anakuja kuendelea na kazi yako na hajawahi kufika saiti, akuulize maswali kumi kuhusu hii ripoti. Maswali yanayokuja mengi ni ya maana, bomba la aina gani, limepimwa presha au bado, nani ana funguo za nyumba ya pampu. Unarudi unajaza. Hapo inakaribia kidogo kuwa msomaji. Haijawa, maana haitachimba, ila inakaribia.

Programu huria na Wikipedia

Nipite haraka hapa. Kama uko upande wa kompyuta au umeme, kuna miradi ya programu huria, zile zilizo wazi kwa yeyote kuzisoma na kuzirekebisha, inayotafuta watu wa kurekebisha maelekezo ya matumizi, na watu wa upande wa pili wanakusoma kweli, wanakurudishia mstari kwa mstari kwa nini wamekataa. Wikipedia ya Kiswahili nayo, ipo tangu 2003, makala za ufundi ni chache na fupi, ukiandika kuhusu pampu au transfoma unajifunza kueleza kwa lugha ya nyumbani, na ukiandika bila chanzo mtu anaweza kukufutia. Kwa kipimo changu hizi ziko juu ya kozi za mtandaoni, kwa sababu kuna binadamu. Ila inadai bando la kila siku na moyo wa kukataliwa na watu usiowajua, na mwezi wa kwanza utaona kama hujafanya kitu. Mimi niliishia makala mbili tu.

Kuongea nako

Watu wanaongelea kuandika wanasahau mdomo, wakati nusu ya kazi ya injinia huku kwetu ni kueleza. Projekti yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa kichanja cha kukaushia dagaa, chenye wavu na kifuniko cha nailoni ili mchanga na mvua visiingie. Mbele ya jopo chuoni nilieleza asilimia ya unyevu, mtiririko wa hewa, grafu tatu, wakatikisa vichwa, nikapita vizuri tu. Nikajiona najua kueleza.

Wiki mbili baadaye nikaenda nacho Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa. Nikamkuta mama mmoja anauza dagaa toka niko mtoto, nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikaanza na zile slaidi zangu kichwani, unyevu unashuka kutoka asilimia hii mpaka hii. Akanisikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho, akaniuliza, "Sawa mwanangu. Mvua ikija ghafla, mimi peke yangu naweza kukifunika hiki?"

Hilo swali hakuna profesa aliyeniuliza. Na jibu lilikuwa hapana, kifuniko kilitaka watu wawili. Nikarudi nikabadilisha, nikaweka bawaba upande mmoja na kamba ya kuvutia. Ripoti ikabadilika pia, sura nzima ya matumizi niliiandika upya nikianza na mtu mmoja na mvua inakuja kutoka ziwani, kwa sababu ndivyo inavyokuja huku, dakika tano jua limepotea.

Kwa hiyo kati ya ukumbi wa presentesheni na Mwaloni, kwa kujifunza kuongea mimi nachagua Mwaloni, au stendi, au kijiwe cha mafundi wa boti, popote penye mtu atakayetumia hicho kitu. Ukumbi unakufundisha kusimama na kutunza muda, basi, na hivyo navyo unavihitaji siku utakapokaa mbele ya jopo la usajili. Maana usisahau kwamba ukimaliza chuo unasajiliwa na bodi ya usajili wa wahandisi kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya usimamizi kama miaka 3, unaandika ripoti za kazi zako, halafu ndo unaomba uhandisi mtaalamu. Kuandika hakuishi na ripoti ya field.

Kwa hiyo wewe uchague nini

Kwa mwaka wa kwanza, darasani pamoja na ile ya kwanza ya Google, zifanye kwa wakati mmoja, zinakamilishana na hela hazitaki. Usinunue kozi yoyote ya kulipia kwa bumu mwaka huo, sioni sababu. Word inakutosha, LaTeX, programu nyingine ya kupangia maandishi, ni nzuri ukiwa na milinganyo mingi lakini supavaiza wako atataka kuandika maoni ndani ya faili na wengi wamezoea Word, kwa hiyo kajifunze baadaye likizo.

Mwaka wa pili na wa tatu weka nguvu yote kwenye kumpata msomaji wa field, ndo maana nimekaa sana pale. Mwaka wa mwisho, peleka projekti kwa mtu wa mwisho atakayeitumia kabla ya kuipeleka kwa jopo, sio baada kama mimi.

Lugha je? Ripoti itakusanywa kwa Kiingereza, hakuna namna. Lakini saiti nzima inaongea Kiswahili, na wewe unafikiri kwa Kiswahili. Mimi huwa naandika kwanza kwa Kiswahili kile nilichokiona, kifupi, kama namwelekeza fundi, halafu ndo nakigeuza. Nikianza na Kiingereza moja kwa moja najikuta natafuta maneno makubwa na nasahau mwamba.

Na kama mwaka huu umekosa vyote, supavaiza hasomi, bando hakuna, fanyeni kama tulivyofanya sisi. Tulikuwa wanne, kila Jumapili saa kumi jioni tunakaa pale juu ya mawe nyuma ya geto, kila mtu analeta ukurasa mmoja, mwingine anausoma kwa sauti, mwenye ukurasa haruhusiwi kujitetea mpaka msomaji amalize. Akikwama pahali, hapo ndo pa kurekebisha. Haikutugharimu hata mia. Dogo, ukurasa wako ule wa pampu, ile ya beringi, utoe kwenye simu uweke kwenye karatasi vilevile ulivyonisimulia, siku nne za kusubiri spea na tochi za usiku ule, umpe mwenzako wa umeme ambaye pampu haijui.

Wale wanne wawili tumebaki Mwanza, mmoja yuko Geita, mmoja Dar, tunatumiana ripoti WhatsApp mpaka leo. Wiki iliyopita nilituma ya kwangu, kurasa tatu, nikajiona nimemaliza kila kitu. Yule wa Geita akarudisha swali moja: hiyo valvu, mtu akisimama kwenye chemba akitazama ziwa, iko kushoto au kulia? Nikapanda bodaboda nikarudi saiti kuangalia.